Namna ya Kukagua Kanda za Video za Tamthilia za Zamani Kabla ya Kuziuza

Kila ninapoletewa boksi la kanda za video hapa Ngamiani, jijini Tanga, mwenye nalo huuliza bei kabla hajaketi. Wengi wamesikia kwamba mwezi Juni 2022 kanda moja ya filamu ya Back to the Future iliuzwa kwa dola 75,000 katika mnada wa Heritage Auctions huko Marekani, ila hawakusikia kwamba kanda hiyo ilikuwa mali ya mmoja wa waigizaji wa filamu yenyewe na haikuwahi kufunguliwa. Kanda za tamthilia zilizokwisha kutazamwa na ukoo mzima zina mizani yake.

Hatua ya 1: Kagua utepe

Usiingize kanda katika deki kabla ya kuitazama ndani. Ubavuni, karibu na kifuniko cha mbele, kuna kibonyezo kidogo. Ukikibonyeza kwa ukucha, kifuniko huinuka na utepe ukaonekana. Umulike kwa tochi, kisha tazama pia kupitia kidirisha cha juu. Utepe mzima hung'aa na kingo zake hulala sawasawa. Ukiona weupe umeshika kingo kama unga wa muhogo, huo ni ukungu, na kwa unyevu wa pwani yetu, hasa baada ya masika, hauna ajabu. Niliwahi kuupuuza: kanda ya mteja mmoja iliziba vichwa vya deki yangu, na kanda safi niliyoingiza baada yake ikatoka na mikwaruzo ambayo hadi leo ninaionea haya. Kanda yenye ukungu itenge na wenzake, uifungie peke yake katika mfuko.

Hatua ya 2: Tafuta kijino

Mgongoni mwa kanda kuna kijino cha plastiki kinachoruhusu kurekodi. Kanda halisi ya kampuni hutoka kiwandani bila kijino hicho, ili isifutwe kwa bahati mbaya. Ukikuta tundu lake limezibwa kwa selotepu, fahamu kwamba huenda mtu alirekodi jambo jingine juu yake, na jalada zuri la tamthilia likawa limefunika harusi ya jirani. Nakala zilizodurufiwa kwa ajili ya maduka ya kukodisha, zenye lebo za kalamu, hazina bei kwa mkusanyaji wa kanda halisi.

Hatua ya 3: Soma mfumo

Televisheni zetu zilitumia mfumo wa picha uitwao PAL, wakati kanda zilizoletwa na ndugu kutoka Marekani ni za mfumo wa kwao, NTSC, ambazo katika deki nyingi za zamani hutoa picha isiyo na rangi au inayorukaruka. Andika mfumo huo wazi unapotangaza kuuza, kwa sababu mnunuzi aliye mbali hana namna ya kuujua.

Hatua ya 4: Uliza kama imetolewa tena

Hapa ndipo bei huamuliwa, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kudhani kwamba umri pekee unatosha. Tamthilia ya Kihindi ya Ramayan, iliyorushwa na Doordarshan, televisheni ya taifa ya India, kuanzia 1987 hadi 1988, ilipendwa mno, lakini imekwisha kutolewa kwa DVD na kurushwa upya, kwa hiyo kanda zake ni kumbukumbu ya nyumbani zaidi ya kuwa bidhaa. Kanda moja moja iliyotoka katika seti ya tamthilia ndefu nayo haina soko. Wakusanyaji hutaka seti nzima pamoja na majalada yake.

Kinyume chake, kanda aliyorekodi baba yako sebuleni inaweza kuwa na kitu kisichopatikana kwingine. Vituo vya televisheni Tanzania Bara vilianza mwaka 1994, na matangazo ya biashara yaliyokatiza tamthilia za miaka ile ya mwanzo hayakuuzwa dukani kamwe. Huko Philadelphia, Marekani, mwanamke aitwaye Marion Stokes alirekodi televisheni kwa zaidi ya miaka 30, akaacha kanda zaidi ya 70,000, ambazo leo zinathaminiwa kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo msiyafute matangazo.

Hatua ya 5: Icheze na uandike

Ipeleke kanda mbele hadi mwisho na uirudishe mwanzo, utepe ulegee, ndipo uitazame ukiwa na daftari: dakika, kipindi, kituo, tangazo. Kanda ya E-180, yaani ya dakika 180, huchukua saa 3, au 6 ikiwa ilirekodiwa kwa mwendo wa polepole uitwao LP, ambao picha yake ni hafifu. Deki ambayo bado inafanya kazi itunze, maana Funai, kiwanda cha mwisho kinachojulikana kuzitengeneza, kilisimamisha kazi hiyo Julai 2016.

Hatua ya 6: Panga bei

Tazama bei ambazo kanda kama yako zimeuzwa kweli, si zile ambazo wauzaji wanaziomba, kisha utoe gharama ya posta, ambayo kwa kanda moja huweza kumeza faida yote. Unauza kanda tu: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haikupi ruhusa ya kudurufu tamthilia ya mtu na kuuza nakala. Wakati unasubiri mnunuzi, zisimamishe wima kama vitabu, utepe ukiwa umerudishwa wote upande mmoja, mbali na spika na mbali na ukuta unaovuja.