Unakaa tambarare na unataka milima ya baiskeli? Fuata mto

Wale mnaoendesha baiskeli sehemu flati kama meza halafu mnalalamika hakuna pa kupandisha, jamani fungueni ramani yenye kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye kimo sawa) muangalie mito. Barabara inayoenda sambamba na mto haina kitu, flati mwanzo mwisho, ila ile inayoukata mto mara nyingi hushuka mpaka darajani halafu hupanda upande wa pili, na hapo ndo pa kwako. Mistari ya kontua ikibanana karibu na mto ujue kuna mwinuko wa maana, ikiachana achana nayo. Sasa tafuta madaraja matatu manne ya mto huohuo, unavuka hili unarudi kwa lile, zigizaga hivyo hivyo mpaka miguu iombe msamaha.

Ukiwa njiani inua macho pia, minara ya simu na matenki ya maji mara nyingi huwekwa palipoinuka, na njia ya kwenda huko huwa ya vumbi na haina magari mengi.

Kilima ni kifupi? Sawa tu, mita 15 ukizipanda mara 20 ni mita 300 hizo, mwili hauna habari kwamba ni kilima kilekile. Inaboa lakini, sikudanganyi.

Na siku ya upepo mkali usijifungie ndani, weka gia nzito uuendee uso kwa uso, ila upepo haukupi mteremko wa kupumzikia.