Kutoka airport mpaka mjini Unguja

Jamani kiwanja cha ndege hakiko mbali na mjini, ni kilomita chache tu, kwa hiyo teksi patana bei kabla begi halijaingia kwenye buti, likishaingia ndo basi tena. Mi napenda daladala, angalia 505 ilioandikwa U/Ndege, konda unamlipa mkononi so uwe na chenji, begi kubwa utalipakata magotini na jioni watu wanajazana mpaka mlangoni, hapo bora teksi kwa kweli. Ukishukia Mji Mkongwe kumbuka vichochoroni gari haziingii, unamalizia kwa miguu, magurudumu ya begi yanagongagonga kwenye mawe. Kurudi mwambie dereva mapema, ndege za nje ni teminali 3.