Mwanzo wa Age of Empires II: kila mwanakijiji na kazi yake

Mimi hucheza Age of Empires II, mchezo wa kompyuta wa kujenga mji na kupigana, na nikimfundisha mtu mgeni huanza na kituo cha mji, jengo linalotoa wanakijiji na kupokea chakula: kisilale hata sekunde moja. Mwanakijiji hugharimu chakula 50 na huchukua sekunde 25 kutoka. Zile 200 unazoanza nazo zinatosha wanne, basi waweke wote kwenye foleni mara moja, huku wawili wa mwanzo wakijenga nyumba. Bila nafasi ya nyumba hawatoki wapya, kwa hiyo nyumba ikichelewa, uzalishaji unasimama.

Wanakijiji sita wa kwanza ni wa kondoo. Mchinje kondoo chini kabisa ya ukuta wa kituo, ili mchunaji asitembee hata hatua moja, na uchinje mmoja mmoja. Kondoo ana chakula 100, lakini mzoga huoza tangu anapoanguka. Ukichinja watatu kwa pamoja, nyama inapotea bure.

Wanne wanaofuata waende kwenye miti. Kambi ya mbao, wanakopeleka mbao, iguse miti yenyewe. Hapa ndipo wengi wanapoteza mchezo bila kujua: miti ya mbele inakwisha, msitu unasogea nyuma, na wakataji wanashinda njiani. Ukiona hivyo, toa mbao 100, jenga kambi mpya. Inalipa haraka sana.

Halafu nguruwe mwitu, chakula 340. Mwanakijiji mmoja, mvutaji, ampige mshale, akimbie huku nguruwe akimfuata hadi kituoni, wachunaji wa kondoo wammalize hapo hapo. Mvutaji akiwa amejeruhiwa, mwingize ndani ya kituo.