SOMO: Umepata ZX Spectrum ya zamani? Usiichomeke kwanza, pitia hapa

Habari zenu wakuu. Somo hili ni la waliorithi au kununua zile kompyuta za nyumbani za miaka ya 80, na nitaongelea moja tu, ZX Spectrum 48K ya Sinclair, ile ya Uingereza iliyotoka 1982 yenye vitufe vya mpira, maana ndo ninayoijua mpaka ndani. Mwenye Commodore au BBC Micro mengi yatamfaa ila umeme wa hizo ni tofauti kabisa, asije akaniletea lawama.

Msimamo wangu natoa mapema: kaseti kwanza, mashine baadaye. Mashine ikifa zipo njia za kuipata tena, lakini programu ambayo mtu aliiandika mwenyewe mwaka 84 akaisevu kwenye kaseti moja tu, ikifutika ndo basi.

HATUA YA 1, kaseti. Vunja vile vimeno viwili vya mgongoni ili isirekodiwe juu yake kwa bahati mbaya. Tafuta rikoda nzima, safisha hedi (kile kichwa kinachosoma utepe) na kile kigurudumu cha mpira kwa spiriti, acha ikauke. Toa waya kwenye tundu la hedifoni, ingiza kwenye kompyuta, rekodi kwa Audacity (programu ya kurekodi sauti), mono, 44,100 Hz, biti 16, sevu WAV. MP3 hapana jamani, Spectrum inasoma data kwa kupima urefu wa kila pigo la sauti na MP3 inayachezea hayo mapigo, sikio lako halitagundua ila mashine itagundua. Dolby (kipunguza kelele cha rikoda) zima. Kama sauti imefifia kama mtu anaongea ndani ya blanketi, mara nyingi kaseti ilirekodiwa na rikoda ambayo hedi yake ilikaa pembe nyingine, kwahiyo kale kaskrubu ka pembeni ya hedi kazungushe kidogo kidogo huku unasikiliza mpaka mlio uwe mkali kuliko wote.

WAV usiifute hata siku moja. Nakala yake ndo uigeuze kuwa TZX, faili la kaseti ambalo emuleta (programu inayoiga mashine) inalisoma; kuna audio2tape inakuja na vifaa vya Fuse, emuleta ya Spectrum, inafanya hiyo kazi. TAP, faili jingine jepesi la kaseti, inatosha kwa programu zilizosevwa kawaida, lakini magemu ya dukani yenye loda (kiprogramu cha kupakia gemu) zao za kujilinda kama Speedlock hayaingii kwenye TAP, TZX ndo inashika mpaka mpangilio wa mapigo.

HATUA YA 2, umeme, na hapa ndo mashine nyingi zinapofia. Inataka volti 9 DC, ampea 1.4, na NCHA YA NDANI NI HASI. Adapta nyingi za mtaani ndani ni chanya. Zile za pedali za gitaa huwa hasi ndani ila ampea zake ni kiduchu. Adapta orijino ukiipima ikiwa haijabeba mzigo itasoma juu ya 9, usishtuke, haina regyuleta. Halafu mashine hii haina swichi, ni kuchomeka na kuchomoa, na ukichomeka au kutikisa kitu chochote kwenye lile tundu refu la nyuma wakati umeme upo unaweza kuua transista inaitwa TR4. Hiyo ikifa, volti hasi 5 inapotea, na zile chipu 8 za 4116 za memori ya chini (16K ya kwanza kati ya 48K) haziwezi kuishi bila hiyo. Ukifungua pima 4116 yoyote: pini 1 iwe hasi 5, pini 8 iwe 12, pini 9 iwe 5, pini 16 ndo grandi.

HATUA YA 3, kibodi na tivi. Utando wa kibodi una mikia miwili ya plastiki inayoingia kwenye bodi, kwa umri huu inakatika kama biskuti, vuta wima bila kukunja. Ikikatika usiigundishe, tando mpya bado zinatengenezwa. Picha inatoka UHF chaneli 36, tivi ya sasa ikigoma fundi anaweza kuruka moduleta (kile kisanduku kinachogeuza picha kuwa mawimbi ya antena) akatoa kompositi, yaani picha ya waya wa video, moja kwa moja.

MASWALI

Swali: Mkuu yangu inaleta viboksi vya rangi tu, imekufa?
Jibu: Bado. Nzima inaleta skrini nyeupe na maandishi ya 1982 Sinclair Research Ltd chini. Viboksi mara nyingi ni memori ya chini au umeme wake, kwahiyo pima volti kwanza kabla hujanunua chipu hata moja.

Swali: Mi naona tunateseka bure, si napakua Fuse tu naendelea na maisha?
Jibu: Kwa kucheza gemu inatosha kabisa, na ROM (programu ya msingi iliyomo ndani ya mashine) haina shida, Amstrad walioinunua biashara ya kompyuta ya Sinclair 1986 walishakubali isambazwe pamoja na emuleta. Ila jiulize Fuse ilijuaje mashine inavyofanya kazi. Ile chipu ya Ferranti iitwayo ULA ikiwa inachora skrini inaichelewesha Z80, yaani prosesa, kila ikigusa ile 16K ya chini, na watu walilijua hilo kwa kupima mashine halisi. Chris Smith aliichimba ULA mpaka akatengeneza Harlequin, bodi isiyohitaji ULA kabisa.

Swali: Ile The Spectrum ya 2024 inasoma kaseti?
Jibu: Hapana, haina tundu la rikoda. Ndani ni emuleta, inatoka HDMI, kwa watoto nyumbani safi sana. Ukitaka FPGA (chipu inayopangwa ifanye kazi kama saketi za asili) angalia ZX Spectrum Next.

Swali: Eti kweli Sinclair waliweka chipu mbovu?
Jibu: Nusu mbovu ndugu yangu. Ile 32K ya juu ni chipu 8 za kilobiti 64 zilizofeli nusu moja, wakazinunua rahisi, na bodi ina kiunganishi cha kuchagua nusu ipi inatumika. Usichanganye nusu. Wengi wakibadili wanaweka 4164 nzima, na kiunganishi wanakiacha kilivyo.