Modeli ya tishu inayojinyoosha: seli zinapogoma kubadilishana majirani

Juzi mwanafunzi aliniletea modeli yake ya kompyuta ya tishu ya kiinitete. Picha safi, seli zimetulia, lakini nishati inapanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyetoka mbio. Nilicheka, maana ugonjwa huo nimewahi kuuguza wiki nzima. Hivi ndivyo tulivyokwenda.

Hatua ya 1. Chora tabaka la seli zenye pembe sita, kingo za nje zikiwa huru. Seli 100 zinatosha. Tumia lugha ya programu ya Python tupu. Programu kubwa zilizo tayari zinakuficha mahali panapoharibika, ziache hadi uwe umeandika yako walau mara moja. Panga kona za kila seli kinyume cha mwendo wa saa, la sivyo eneo litatoka hasi.

Hatua ya 2. Andika nishati. Kwa kila seli, chukua mraba wa tofauti ya eneo na eneo lengwa, ujumlishe na mraba wa tofauti ya mzingo na mzingo lengwa. Eneo lengwa liwe 1. Mzingo lengwa ndio usukani: chini ya takriban 3.81 tishu ni kama kigae, ukipita hapo inaanza kutiririka.

Hatua ya 3. Sogeza kona kuelekea nishati inakopungua.

Hatua ya 4. Majirani wabadilishane. Upande ukifupika kupita kizingiti, unauzungusha nyuzi 90: seli mbili zilizoshikana zinaachana, na mbili zilizokuwa kwenye ncha zake zinakutana. Rahisi kusema. Mimi niliupa upande mpya urefu uleule wa kizingiti. Ukinywea kidogo tu, unageuzwa tena, kisha tena, maelfu ya mara, na tishu haisogei hata kidogo. Sasa kizingiti changu ni 0.05 na upande mpya naupa mara 1.5 ya hapo. Hata hivyo haitoshi. Punguza hatua ya muda, yaani muda wa kila msogeo, hadi kona yoyote isisogee zaidi ya nusu ya kizingiti kwa mara moja, ama pande zitapishana. Seli yenye pembe tatu usiibadilishie jirani. Ikinywea sana, ifute iwe kona moja. Pande za ukingoni ziruke. Kisha rekebisha orodha za kona za seli zote nne: mbili zinapoteza kona, mbili zinapata. Mwanafunzi wangu alirekebisha tatu. Kila baada ya mageuzi hesabu kona, toa pande, jumlisha seli. Jibu lisipokuwa 1, simama hapohapo. Nishati ikiruka juu kidogo wakati wa kugeuza, usihangaike, mradi ishuke baadaye.

Hatua ya 5. Ongeza mkazo kwenye pande zilizosimama wima. Tishu itabanwa wima na kurefuka kwa mlalo. Kiinitete cha nzi wa matunda hufanya hivyohivyo: miosini, protini inayovuta na kukaza, hujazana kwenye mipaka iliyokingama na mhimili wa mwili, nao mkanda wake wa seli hurefuka zaidi ya mara 2. Wa mwanafunzi ulirefuka saa nne usiku, naye akanitumia video bila neno.