Jinsi ya Kuwafundisha Wanafunzi Robert Burns na Karamu Yake ya Januari 25

Somo la Burns, mshairi wa Uskoti, likianza na haggis (chakula cha Kiskoti cha nyama za ndani za kondoo) na zumari ya Kiskoti, darasa litakumbuka chakula na kumsahau mshairi. Anza na shairi. Vipindi vinne vinatosha, na cha mwisho kiwe karamu yenyewe ya kumkumbuka.

Maisha yake yasichukue zaidi ya nusu kipindi: alizaliwa Alloway, Uskoti, Januari 25, 1759, mtoto wa mkulima, akafariki Dumfries mwaka 1796 akiwa na miaka 37. Kitabu chake cha kwanza kilichapwa Kilmarnock mwaka 1786, nakala 612. Wanafunzi wakubwa wasifichwe kwamba mwaka huohuo alikuwa amepanga kwenda Jamaica kufanya kazi kwenye shamba la watumwa. Kitabu kikapokelewa vizuri, akabaki. Wataliuliza jambo hili, lijibu waziwazi.

Shairi linalowafaa watoto ni To a Mouse, la mwaka 1785: mkulima amebomoa kiota cha panya kwa plau, na anamwomba radhi. Lina beti 8. Wenye miaka minane au tisa wapewe ubeti wa kwanza na wa saba tu. Soma kwa sauti mara mbili kabla ya kugawa karatasi. Wakiona maandishi kwanza watayatamka Kiingereza, na vina vitavunjika, kwa sababu shairi ni la Kiskoti, chenye matamshi yake. Kama huna uhakika, tumia rekodi ya msomaji wa Uskoti.

Kila ubeti una mishororo sita. Wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa tano ina kina kimoja. Wa nne na wa sita ni mifupi na ina kina kingine. Wapige makofi manne kwenye mshororo mrefu na mawili kwenye mfupi. Hapa ndipo wengi hukosea: huukimbilia mshororo mfupi na kuunganisha na unaofuata. Wape pumzi moja baada yake, na shairi zima litakaa sawa. Maneno kama wee (dogo) na beastie (kanyama) wayachore, wasiyakariri.

Karamu ya kwanza ilifanywa na marafiki tisa mwaka 1801, katika nyumba aliyozaliwa, miaka mitano baada ya kifo chake. Yenu ifuate mpangilio wa kawaida: sala fupi, haggis kuingizwa, shairi la Burns la kuisifu (Address to a Haggis), chakula, hotuba, wimbo.

Haggis ni moyo, ini na mapafu ya kondoo, pamoja na oti, vitunguu na mafuta. Waulize wazazi kuhusu mzio mapema, na andaa pia ya dengu na maharagwe. Ipashe kwa moto mdogo. Maji yakitokota kwa nguvu, mfuko unaoifunika hupasuka. Itoboe kidogo kabla ya kuipeleka mezani, maana mafuta moto hurukia usoni kisu kinapoingia. Mtoto akariri shairi la haggis, mwalimu akate, kwenye ubeti wa tatu unaotaja kisu.

Hotuba ya kumkumbuka mshairi iwe ya dakika mbili, juu ya shairi moja. Kuna pia hotuba ya wavulana ya kuwasifu wasichana na jibu lao; ziandikwe na kusomwa nawe kabla, kwa kuwa kejeli za maumbile hupenya humo kirahisi. Wote wanywe maji ya matunda.

Mwisho ni Auld Lang Syne, wimbo wa Burns wa kukumbuka urafiki wa zamani. Watoto hupishanisha mikono tangu mwanzo. Wasubiri ubeti wa mwisho, unaotaja kupeana mkono.