Somo: Kusoma jina la Saintpaulia rupicola, ua linaloishi mwambani

Habari zenu wapenda mimea. Wengi wenu mna urujuani wa Afrika kwenye kopo dirishani, ule wa majani manene yenye vinyweleo na maua ya zambarau. Leo tusome jina la ndugu yake wa porini, Saintpaulia rupicola, neno kwa neno. Mimea ya kundi hili porini inaota Tanzania na kusini-mashariki mwa Kenya tu, kwingine kote imepelekwa. Kwa hiyo naona ni wajibu wetu kuyajua majina yake kuliko mtu mwingine yeyote.

Hatua ya 1: Liandike sawasawa

Neno la kwanza ni la jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, nalo huanza na herufi kubwa. La pili ni la spishi, na huanza na herufi ndogo hata kama limetokana na jina la mtu au la mji. Kwenye kompyuta tumia herufi za mlazo, kwa mkono pigia mstari.

Hatua ya 2: Neno la kwanza

Saintpaulia limetokana na jina la ukoo wa Kijerumani. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa serikali ya kikoloni wilayani Tanga, aliuona mmea huu kwenye milima ya Usambara, akampelekea baba yake Ujerumani mbegu. Baba naye alikuwa mpenda miti na maua. Mimea ikafika kwa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka 1893 akauchapisha kwa jina la Saintpaulia ionantha, kwa heshima ya baba na mwana. Saint Paul-Illaire huyohuyo ndiye aliyetoa kitabu cha kuwafundishia Wajerumani Kiswahili mwaka 1890. Alikijua Kiswahili kiasi cha kukifundisha, na bado ua likaenda na jina la ukoo wake.

Tena hakuwa wa kwanza kulichuma. John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, alikwishapeleka sampuli kwenye bustani ya mimea ya Kew, London, mwaka 1884. Lakini katika elimu ya mimea anayehesabiwa ni aliyechapisha jina pamoja na maelezo, siyo aliyeona kwanza.

Hatua ya 3: Neno la pili

Hapa ndipo penye utamu. Jiulize neno la pili linajibu swali gani.

Likiishia na -ensis, linajibu "wapi?" Shumensis ni wa Shume, tongwensis ni wa mlima Tongwe, magungensis ni wa Magunga, teitensis ni wa milima ya Taita. Hayo ni majina ya kwetu yaliyovaa kilemba cha Kilatini. Mengine yanajibu "nani?", kama grotei na goetzeana, majina ya watu. Mengine yanajibu "ukoje?": pendula unaning'inia, pusilla ni mdogo, velutina una majani kama mahameli, na ionantha ni Kigiriki, "wenye maua ya urujuani".

Rupicola ni Kilatini. Rupes ni mwamba, jabali. Sehemu ya -cola inatokana na kitenzi chenye maana ya kukaa na kuhudumia mahali, kama mtu anavyokaa shambani kwake. Ukiunganisha unapata mkaazi wa mwambani. Mwamba wenyewe upo kaunti ya Kilifi: mawe ya chokaa kama ya Cha Simba, yenye nyufa na kivuli cha miti. Udongo pale ni kiganja kimoja cha majani yaliyooza yaliyonasa kwenye ufa, na mizizi myembamba imejishikiza humo. Maji ya mvua yanapita yakienda zake, hayatuami. Kwa maoni yangu hili ndilo jina zuri kuliko yote ya kundi hili, kwa sababu halimsifu mtu. Linataja nyumba ya mmea.

Hatua ya 4: Angalia upatanisho

Mwaka 2012 mtaalamu wa mimea Maarten Christenhusz aliihamishia mimea hii kwenye jenasi ya Streptocarpus, baada ya uchunguzi wa vinasaba kuonyesha kwamba Saintpaulia ni tawi la humohumo. Streptocarpus ni Kigiriki, "tunda lililosokotwa". Matunda ya Saintpaulia hayakusokotwa, lakini jenasi ikishapewa jina, wanaoingia baadaye wanalipokea kama lilivyo.

Baada ya kuhama, ionantha ikawa ionanthus. Mwenye Kiswahili hapaswi kushangaa, ni ngeli tu: kiti kizuri, meza nzuri. Saintpaulia ni ya kike kwa Kilatini, Streptocarpus ni ya kiume, na kivumishi kinafuata. Rupicola yenyewe haikubadilika, kwa kuwa ni nomino, siyo kivumishi. Siku hizi wataalamu wengi wanaiona kuwa nususpishi (kifupi subsp.), yaani kundi dogo ndani ya spishi ya ionanthus, kwa hiyo jina kamili ni Streptocarpus ionanthus subsp. rupicola.

Hatua ya 5: Majina ya watu mwishoni

Ukikuta (B.L.Burtt) Christenh., soma hivi: Brian Laurence Burtt, mtaalamu wa Edinburgh, ndiye aliyetoa neno rupicola mwaka 1964, ndiyo maana yumo kwenye mabano. Aliye nje ya mabano ndiye aliyeuhamisha.

Maswali ya wanachama

Swali (Muheza): Shikamoo mwalimu. Bibi zetu walilijua ua hili kabla ya Mjerumani kufika. Kwa nini jina lao halikutumika?

Jibu: Marahaba mwanangu. Kanuni za majina ya kisayansi huhesabu maandishi yaliyochapishwa, na walioshika kalamu na mitambo ya uchapaji wakati ule walikuwa wengine. Inauma, na una haki ya kuuliza. Waulize wazee wa hapo kwenu wanaliitaje, uandike neno lao pamoja na kijiji na tarehe. Jina la kienyeji halifuti la kisayansi na halifutwi nalo.

Swali (Mombasa): Basi huu ni urujuani kweli, ule wa Ulaya?

Jibu: Hapana, dada. Umefanana kwa rangi tu. Urujuani wa Ulaya ni Viola, wa familia ya Violaceae. Huu wetu ni wa Gesneriaceae, familia iliyopewa jina la Conrad Gessner, msomi wa Zurich wa karne ya 16.

Swali (Nairobi): Nimenunua kopo kwenye kitalu, halina kibandiko. Niandike rupicola?

Jibu: Usiandike, ndugu yangu. Mingi inayouzwa ni machotara, na asili yake kubwa ni ionantha. Biashara ilishika kasi baada ya bustani ya Armacost na Royston ya Los Angeles kuotesha mbegu kutoka Ulaya na kutoa aina kumi mwaka 1927. Andika Saintpaulia tu, na kama muuzaji anajua jina la aina, liweke kwenye alama moja moja za kunukuu.

Swali (Kilifi): Mimi niko karibu na hayo mawe. Naweza kung'oa mche mmoja nikapande nyumbani?

Jibu: Tafadhali usiung'oe. Umebaki sehemu chache mno na uko katika hatari kubwa ya kutoweka. Hata miti ya kivuli inayozunguka mwamba ikikatwa, jua linaumaliza. Ukitaka kuotesha, tumia wa kitaluni: kata jani lililokomaa pamoja na kikonyo chake, acha kikonyo urefu wa vidole viwili hivi, kichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, weka kivulini. Baada ya wiki kadhaa vitoto vinachipua shinani. Maji yawe ya joto la kawaida, ya baridi yakidondokea jani yanaacha mabaka.

Swali (Arusha): Je, mizizi yake inapasua mwamba?

Jibu: Haina nguvu hiyo. Inafuata nyufa zilizokwishakuwepo. Labda umesikia habari za Saxifraga, maua ya milima ya Ulaya, ambayo jina lake kwa Kilatini ni "mvunja jiwe". Wapo wanaosema ni kwa sababu yanaota kwenye nyufa, na wapo wanaosema ni kwa sababu watu wa kale waliyatumia kama dawa ya mawe ya figo. Rupicola haidai kuvunja chochote, inakaa tu.

Swali (Tanga): Kwenye kibandiko cha bustani ya shule niandike jina la zamani au jipya?

Jibu: Yote mawili, mwalimu mwenzangu. Juu andika Streptocarpus ionanthus, chini yake "zamani Saintpaulia ionantha", kisha jina la wenyeji, na mwisho mahali mche ulipotoka. Tumia penseli, wino unafutika kwa mvua.